Shika, Vuta, Njoo

Shuka lilikuwa limetanda hewani kati yao, kila mmoja ameshika pembe mbili, Mama Shuka aliposikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, kama wa birika lililosahauliwa jikoni kwa jirani. Aligeuza shingo kutazama mashine za kukaushia. Mashine zilikuwa zinanguruma kama siku zote, hazina hili wala lile. Akarudisha macho kwa Pembe, mwenzake wa kukunja, na hapo akajua mluzi unatoka wapi.

"Pembe, kifua hicho."

"Kizuri," Pembe akasema, akimtazama kidevuni kama alivyomtazama kila mtu.

"Umevuta dawa asubuhi?"

"Nimevuta."

Mama Shuka akamwamini, na nani asingemwamini? Uongo ulikuwa umempita Pembe kando tangu azaliwe. Msimamizi alipokuja kazini na shati jipya la maua, wote wakimsifu mpaka basi, Pembe ndiye aliyesema kwamba lile ni pazia la wodi ya watoto, na kweli kitambaa kilikuwa kilekile. Mtu wa namna hiyo akikwambia amevuta, ujue amevuta.

Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye mabega ya kubeba magunia na masharubu ambayo dada yake aliyapunguza kila Jumapili. Akili yake tu ndiyo iliyokua kwa mwendo wake yenyewe. Kusoma hakujua. Kuhesabu alifika kumi, mradi asiharakishwe. Maneno yakiwa mengi yalimgonga na kumwangukia miguuni, asijue aokote lipi. Dada yake alipomleta pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali za mji, miaka tisa nyuma, watu walipeana macho. Hatamaliza wiki, walisema. Nyie watu nyie! Haikupita wiki ikaonekana kwamba yule bwana ana jambo ambalo wao hawana. Umtupie shuka limejiviringa na mengine kumi, limetoka kwenye mashine kama utumbo, yeye ataingiza mkono mara moja na kutoka na pembe. Atauingiza tena na kutoka na pembe ya pili. Hakukosea hata siku moja, wala hakuwahi kuiachia pembe mpaka aambiwe. Jina likamwangukia lenyewe, na sasa hata dada yake alimwita hivyo hivyo.

Aliyemfundisha kazi ni Mama Shuka, ambaye naye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Siku mbili za mwanzo alimweleza kwa kirefu, akamchosha na yeye akachoka. Siku ya tatu akaikata kazi yote ikawa maneno matatu. Shika. Vuta. Njoo.

Akisema shika, Pembe alikamata pembe mbili, akajaza mashavu upepo na kubana pumzi, utadhani anataka kupiga mbizi. Akisema vuta, aliegemea nyuma na kuleta mikono yote miwili kifuani, shuka likanyooka kwa kishindo. Akisema njoo, aliachia pumzi na kumjia hatua tatu, pembe zikakutana na pembe. Mama Shuka aliwahi kumwambia apumue tu kama watu wengine, akakataa. Basi akamwacha na mtindo wake. Kwa miaka tisa maneno hayo matatu yalitosha kwa kila shuka la kila kitanda, na saa nne ilipofika walikaa juu ya mafurushi wakanywa chai, Mama Shuka kwa kikombe na Pembe kwa mrija wa bluu, maana kikombe kiliwahi kumuunguza mdomo na tangu hapo hakikusamehewa. Hata uji aliunywa kwa mrija.

Tatizo lilikuwa pumu. Alizaliwa nayo, lakini mwaka huu ilikuwa imeota kiburi. Mara mbili walimtoa pale wamembeba mikononi, midomo imebadilika rangi. Mara mbili daktari aliongeza dawa, zile za pampu za kupuliza mdomoni. Ya kahawia aivute asubuhi na jioni, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Ya bluu aivute kifua kikibana. Dada yake, ambaye ni mshonaji, alimshonea kifuko cha kuning'iniza shingoni ili pampu ya bluu isimwache hatua moja.

Asubuhi hii dada mwenyewe alimsindikiza mpaka getini, akamvuta Mama Shuka pembeni. Msimamizi alikuwa amemwita ofisini na kusema kwa adabu, lakini alisema: ndugu yako akianguka mara ya tatu, abaki nyumbani. Na nyumbani maana yake ni chumba, kufuli kwa nje na redio, kwa sababu dada akienda kwenye cherehani yake hakuna wa kukaa naye. Daktari naye alishangaa, kwa jinsi alivyoongeza dawa mtu angekuwa anakimbia mbio za masafa marefu.

"Nachoka, mama," dada alisema. "Namsimamia kila siku. Anaingia bafuni, anasukuma mlango, nasikia kwa masikio yangu haya, pss, pss. Dawa inaisha kopo kwa kopo. Sasa niambie, inaingia wapi?"

Mama Shuka alimwahidi tu kwamba leo hataondoa sikio lake kifuani kwa Pembe, na ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa inamchoma sasa, na mluzi ule.

Kisa cha mluzi kilikuwa palepale sakafuni. Blanketi za sufu zilikuwa zimeshushwa asubuhi, furushi juu ya furushi, na kila moja likifunguliwa lilitoa manyoya ambayo yalielea na kukaa kwenye nyusi za watu. Mama Shuka alitazama kioo cha ofisi. Msimamizi alikuwa ndani, ameinamia simu. Akimwona Pembe ameketi chini anahema, habari imekwisha.

"Nenda pale nyuma ya toroli," akamwambia kwa sauti ya chini. "Vuta ya bluu. Mara mbili."

Pembe akaenda. Alijipenyeza kati ya toroli na ukuta, akawapa mgongo, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama Shuka akasikia pampu ikitikiswa, halafu pss. Ikatikiswa tena. Pss. Akarudi, ameifunga kifukoni vizuri na kifungo chake.

"Nimevuta."

"Hodari wewe. Shika."

Wakakunja shuka moja. Mama Shuka alikuwa anajiambia kwamba dawa huchukua muda, lazima ishuke, iende mpaka huko inakokwenda. Wakakunja la pili. Sasa miluzi ilikuwa miwili, wa kuingia na wa kutoka, na mabega ya Pembe yalianza kupanda kila akipumua. Mama Shuka akasema tuketi kidogo, Pembe akatikisa kichwa, akachukua shuka jingine mwenyewe. Alijua. Usimwone vile, alijua kabisa kwamba kuketi ni kurudi kwenye redio.

"Shika," Mama Shuka akasema, kwa kukosa la kusema.

Pembe akashika. Na kabla hajaambiwa lolote, pembe moja ikamtoka vidoleni, ikaanguka sakafuni.

Miaka tisa! Mama Shuka alisimama akiitazama ile pembe juu ya sakafu. Alipoinua uso, Pembe alikuwa ameegemea meza kwa viganja viwili, ngozi imebonyea ndani chini ya koo, mdomo wazi, na hewa inaingia kidogokidogo kwa kudonoa.

Hapo tena siri ikaisha. Mwenye pasi aliacha pasi, msimamizi akatoka mbio na simu sikioni. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali; gari la kazini lilikuwa linapeleka mizigo, lingefika baada ya robo saa. Robo saa, jamani. Watu wakamzunguka, kila mmoja na ujuzi wake. Mmoja alitaka alazwe chali, Mama Shuka akamsukuma mkono kwa hasira na kumkalisha Pembe wima juu ya furushi la mataulo. Mwingine akampepea kwa kadibodi, akazidi kumrushia manyoya. Msimamizi akachomoa pampu kifukoni, akampa mkononi.

"Vuta," akamwambia. "Vuta, Pembe. Vuta sana."

Wakaitikia wote, vuta, vuta, kama wanashangilia mchezo wa kamba.

Pembe aligeuza mwili kutafuta ukuta. Hata katika hali ile alitaka kuwapa mgongo. Mama Shuka akamkamata mabega.

"Leo hapana, baba. Leo hapahapa, mbele yangu."

Basi Pembe akafanya mbele yake kila kitu alichofundishwa, na alikifanya kwa utaratibu. Akaondoa kifuniko. Akatikisa. Akaweka mdomoni. Akabonyeza.

"Vuta," msimamizi akasema.

Na Pembe akavuta. Aliegemea nyuma na kuleta mikono yote miwili kifuani, pampu ikachomoka mdomoni, na ule moshi mweupe wa dawa ukapita juu ya masharubu yake, ukapotea hewani pamoja na manyoya ya blanketi. Kisha akamtazama Mama Shuka kidevuni, akisubiri kusifiwa.

Mama Shuka alikuwa ameuona mwendo ule mara ngapi? Aliujua kuliko mwendo wa wanawe. Mwaka mzima huyu bwana ameingia bafuni, akatikisa, akabonyeza, akavuta, akatoka na kusema amevuta, na kila mara amesema kweli tupu. Dawa ilikuwa inaingia ukutani. Na neno lililoipeleka huko halikuwa la daktari wala la dada. Lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelipanda kwenye mikono ya Pembe, akalimwagilia miaka tisa, mpaka halikuwa na maana nyingine yoyote duniani.

"Nyamazeni," akasema. Hawakunyamaza, akarudia kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua kama anayo. "Nyamazeni nyote. Mtu asilitaje tena hilo neno."

Kukawa na mashine tu. Mama Shuka alipiga magoti, akachukua pampu. Akafuta mikono kwenye aproni, akaitikisa ile pampu. Alitafuta neno. Aseme pumua ndani? Pembe hakuwa na ndani wala nje katika pumzi, alikuwa na pumzi tu. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Mama Shuka akageuza macho huku na huku, yakaangukia rafuni, kwenye kikombe cha plastiki na ule mrija wa bluu ndani yake.

"Pembe. Nitazame. Huu ni mrija."

Macho ya Pembe yalitoka kidevuni, yakapanda, yakashuka kwenye pampu. Ilionekana anaona wazi kwamba si mrija. Lakini Mama Shuka hakuwahi kumdanganya.

"Chai," akasema Mama Shuka. "Kunywa." Akabonyeza.

Mara ya kwanza ilikuwa hasara, nusu ya moshi ilirudi. Ila shingo ilikuwa imecheza, alikuwa amenywa kidogo. Mama Shuka alitaka aibane ile pumzi, isitoke mbio, na neno la kubana lilikuwepo, lilikuwepo siku zote. Akaokota lile shuka lililoanguka, akamwekea pembe mbili viganjani.

"Kunywa." Akabonyeza. "Shika."

Pembe akakaza vidole juu ya pembe, na mashavu yakajaa. Hayakujaa kama siku zote, kifua kilichofungwa hakina cha kujazia, lakini yalijaa na yakakaa. Mama Shuka akahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, macho yake kwenye yale mashavu, akiogopa kuendelea na akiogopa kuacha.

"Njoo."

Pumzi ikatoka na mluzi wake wote. Pembe akainama mbele, akitaka kuleta pembe zikutane na pembe, paji la uso likatua begani kwa Mama Shuka. Akamrudisha wima. Akatikisa.

"Tena. Chai. Kunywa. Shika."

Walifanya hivyo mara ya tatu na ya nne, wakapumzika kidogo, wakaanza upya. Msimamizi alikuwa amesimama na simu iliyokatika sikioni. Ya saba, Mama Shuka alihisi badiliko kabla hajaliamini: hewa iliingia ndefu kuliko ile ya kudonoa, ikashuka mahali fulani chini. Ya nane, mabega yakateremka. Honi ilipolia nje, Pembe alikuwa bado anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, lakini alikuwa na pumzi ya neno, na neno alilitumia.

"Pembe ilianguka," akasema.

"Ilianguka," Mama Shuka akakubali, na machozi yakamshuka asiyafute. "Tumeiokota."

Zahanati walimwekea mashine ya mvuke usoni, wakamlaza mpaka jioni. Muuguzi alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, mwenye haraka ya watu wenye foleni. Alimwomba Pembe amwonyeshe anavyotumia pampu, na alipofungua kinywa kusema lile neno, Mama Shuka alimshika mkono. Samahani, muuguzi, usiseme hilo. Akamweleza. Muuguzi alisikiliza, mara akavuta kiti akaketi, foleni ikingoja. Alisema aliwahi kumuuliza mgonjwa huyu kama anajua kutumia, akaambiwa ndiyo, na yeye akaandika ndiyo. Akainuka, akarudi na kichupa cha plastiki cha kupachika mbele ya pampu, kinachoukamata moshi usikimbie, mtu akaunywa polepole hata mara tano sita. Akakipachika mwenyewe. "Kunywa," akamwambia Pembe, na Pembe akanywa.

Dada alifika na utepe wa kupimia ungali shingoni, pini zimechomwa kifuani. Mama Shuka alimpisha kwenye benchi. Alikuwa amepanga namna ya kulisema, likatoka bila mpango.

"Ni neno langu, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha vuta."

Dada alichomoa pini moja, akairudisha. Halafu akasema kwamba Pembe alipokuwa mdogo, watoto wa mtaani walimcheka siku moja akivuta dawa, na yeye, kwa uchungu, akamfundisha asiivute kamwe mbele za watu. Aende bafuni. Awape mgongo.

"Hajasahau," dada akasema. "Akishika kitu, haachii."

Msimamizi alitoa wiki mbili. Alizitoa kwa shingo upande, ila meza ya kukunjia aliihamisha mwenyewe mpaka karibu na dirisha, mbali na blanketi, na hakuna aliyemwomba. Wiki mbili, akasema, tuone.

Jumatatu dada alikuja naye, akasimama mlangoni, hakwenda kwenye cherehani. Pembe alipachika kichupa chake. Akageuka kuelekea ukutani, akasita, na miguu yake mikubwa ikamrudisha taratibu mpaka akawaelekea wote, mwenye pasi, msimamizi kwenye kioo chake, Mama Shuka, dada. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya. Akatikisa, akabonyeza, akanywa. Akahesabu kwa vidole. Akakifuta kichupa kwa ncha ya shati.

"Nimekunywa," akasema.

Dada akaangalia sakafu. Mama Shuka akachukua shuka la kwanza haraka, kabla uso haujamsaliti, akamrushia ncha. Mkono wa Pembe ukaingia na kutoka na pembe, ukaingia na kutoka na ya pili.

"Shika."

Mashavu yakajaa. Na hapo Mama Shuka akakwama. Neno lililofuata lilikuja mpaka kwenye meno likagoma. Alifikiria kulibadilisha, atafute jingine, nyoosha, rudi, chochote. Nyuzi za pamba zilikuwa zinaelea kwenye mwanga wa dirisha, zinapanda, zinashuka. Upande wa pili Pembe alikuwa anasubiri, macho kidevuni kwake, pumzi imebanwa, na asingeiachia mpaka aambiwe.

"Vuta," akasema, kwa sauti ndogo.

Pembe akaegemea nyuma. Shuka likanyooka kwa kishindo.

"Njoo."

Akaja hatua tatu, akiachia pumzi, na Mama Shuka akaifuata kwa sikio, yote, mpaka mwisho wake.